Zege Halilali

Kamwene, wasikilizaji. Kwa mnaotusikiliza kutoka mbali, hiyo ni salamu ya Wahehe na Wabena, na jibu lake ni hilohilo: kamwene. Ndiyo niliyopokewa nayo Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa moja na nusu asubuhi, katika kitongoji kimoja jirani na Mgololo, nikiwa nimevaa suruali ya kazi iliyopigwa pasi na glavu mpya za ngozi. Suruali isahauni. Glavu zikumbukeni, tutazirudia.

Nilikwenda kujitolea. Waumini wa makanisa mawili matatu ya pale, pamoja na vijana wa bodaboda na walimu kadhaa, walikuwa wanamjengea nyumba bibi mmoja anayelea wajukuu wanne. Rafiki yangu akanipigia simu: njoo hata siku moja, Jumamosi tunamwaga sakafu. Mimi riziki yangu ni kusema, kama mnavyonisikia. Nikajiambia, leo na mimi nitafanya kazi ambayo mtu anaweza kuikanyaga.

Kwa asiyepajua Mgololo, ukitoka Mafinga kuelekea Makambako, ukifika Nyololo unaiacha barabara kuu ya kwenda Mbeya, unakata kushoto. Unapita Igowole, unapita Kibao, chai imetandazwa vilimani kama mkeka, halafu milingoti na misindano mpaka unachoka kuihesabu. Kiwanda cha karatasi utakinusa kabla hujakiona. Harufu yake mgeni huifananisha na kabichi iliyooza. Wenyeji hawaisikii tena. Kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi hizo kikiitwa Southern Paper Mills, kikazimika miaka ya 1990, kikafufuliwa miaka ya 2000, na leo kinaitwa Mufindi Paper Mills. Kinakula misindano ya Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali, na kinatoa karatasi ya kaki, ya aina ile inayoshonewa mifuko ya saruji. Siku hizi mifuko mingi ni ya plastiki ya kufuma, lakini ukiwahi kubeba ule wa karatasi begani, jua kwamba ulibeba mti uliopikwa.

Nayasema hayo kwa sababu ya nyumba ya zamani ya bibi. Kuta zake zilikuwa za mabanzi, zile kingo za magogo ambazo kiwanda cha mbao hakizitaki, zimegongwa misumari na kupakwa udongo. Udongo ulikuwa umebanduka upande wa mvua, na Mufindi ikinyesha hainyeshi kwa masihara, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tano. Paa lilikuwa la nyasi na turubai. Malori yaliyojaa mbao yanapita barabarani usiku na mchana, na mita chache kutoka barabarani watoto wanalala wamezungukwa na makombo ya mbao hizohizo. Sisemi kuna aliyekosea. Nasema ndivyo nilivyoona.

Bibi amezika watoto wake watatu. Walikufa kwa nini, hilo ni lake, si langu la kuwatangazia. Lakini mnajua mkoa huu umepitia nini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007–08 ulionyesha kuwa katika Iringa, ambayo wakati huo Njombe ilikuwa bado ndani yake, karibu watu wazima 16 katika kila 100 walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati kwa taifa zima hawakufika sita. Mufindi ilikuwa imekaa kwenye njia zote: barabara kuu, TAZARA, mashamba ya chai, kambi za wakata miti, watu wa kuja na kuondoka. Dawa zilipopatikana wengi walisimama tena. Kabla ya dawa, waliobaki nyumbani walikuwa bibi na wajukuu. Kule Igoda, ng'ambo ya mashamba ya chai, shirika la Foxes limejenga kijiji cha watoto, nyumba ndogondogo zenye mama wa kulea, badala ya bweni moja refu kama kambi. Lakini wengi wa wale watoto hawakuingia kituo chochote. Waliingia kwa bibi, kwenye mabanzi.

Basi, tufike kazini.

Nyumba mpya ilikuwa imeshaezekwa. Matofali ya kuchoma, tanuru lake lilikuwa bado linaonekana bondeni, jeusi, limebomolewa nusu. Ndani, mawe yalikuwa yameshapangwa na kushindiliwa, yakisubiri zege. Tulikuwa watu kama thelathini. Fundi mkuu alikuwa kijana asiyefika miaka thelathini na tano, mwembamba, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi kwa baridi. Akatutazama kama mnunuzi anavyotazama mbuzi mnadani. Wewe na wewe, chepe. Wewe, toroli. Mwalimu, kaa na akina mama kwenye kokoto. Akafika kwangu, akaziona glavu.

"Mzee wangu, wewe kachote maji."

Ni wangapi wanaoelewa maana ya maji kwenye ujenzi? Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unataka lita 25 hadi 30 za maji ili iwe zege. Sakafu ile ilihitaji mifuko kumi. Hesabu mwenyewe: madumu kumi na tatu hadi kumi na tano ya lita ishirini, kwa zege peke yake. Bado ya kulowanisha mawe ili yasinyonye maji ya zege, ya kusuuza makarai, ya kupikia watu thelathini, ya udongo wa kujengea. Kijito kiko chini ya mteremko, na Mufindi mteremko ni mteremko kweli. Niliposhuka mara ya kwanza, nilikuta foleni ya wanawake na wasichana walioanza kazi hiyo tangu saa kumi na mbili, kabla hata fundi hajaamka. Kwenye picha zilizopigwa siku ile na kusambazwa kwenye makundi ya simu, tumo sisi wenye machepe. Wao hawamo, kwa sababu mpiga picha hakushuka bondeni. Na mimi nisingeshuka kama si glavu.

Sasa kukawa na jambo. Lori la kokoto halikufika. Kokoto zilizogongwa pale na akina mama zilitosha robo ya sakafu, nyingine zilikuwa zinaletwa, na lori likapata pancha huko njiani. Saa nne, saa tano, ukungu umeondoka, jua limetoka, watu thelathini wamekaa kwenye mbao. Hapo ndipo kujitolea kunapopimwa, wasikilizaji, si wakati wa jasho. Baadhi waliaga. Mmoja alikuwa na harusi. Mwingine alikumbuka ng'ombe.

Tuliobaki, fundi akatuhamishia jikoni. Na hilo jiko lina kisa chake.

Kamati ilipochora nyumba ya bibi ilichora vyumba vitatu na kibaraza. Mchoro mzuri, umepigwa rula. Wakamletea bibi auone. Bibi hajui kusoma ramani, lakini hesabu ya nyumba anaijua. Akauliza kila kisanduku ni cha nini. Hiki cha kulala wewe, hiki cha wavulana, hiki cha wasichana. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Na mimi nitapikia wapi, wanangu? Kitandani?" Watu wazima kumi na mmoja wa kamati, wote wamekula ugali jioni ile, hakuna aliyekumbuka kwamba ugali una mahali unapopikwa. Bibi alitaka jiko la nje, mbali na nyumba kwa sababu ya moshi, na mlango wake uelekee njia, si bonde, ili amwone anayekuja. Likaongezwa. Kuta za jiko zilikuwa kiunoni siku niliyofika, zinajengwa kwa tofali na udongo.

Nami nikaona hapa ndipo pangu. Nilimwomba fundi anipe mwiko. Nikamwambia kwamba utotoni nilimsaidia baba kujenga, jambo ambalo lina ukweli kiasi: nilimshikia baba kamba. Akanipa upande mfupi wa ukuta, chini ya dirisha. Nikaanza. Udongo, tofali, gonga. Udongo, tofali, gonga. Kazi hiyo ina raha yake, sitawaficha. Tofali likikaa linatoa mlio wa kuridhika. Nikapanda kozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikarudi nyuma hatua mbili nitazame, na machoni pangu ukuta ulikuwa umesimama kama askari.

Fundi akaja na timazi. Hakuliweka ukutani mwenyewe. Alinipa mimi. "Shika hapo juu, mzee. Liache litulie." Nikalishika. Lile jiwe la timazi likayumba, likatulia, na kati ya uzi na tofali la chini kukawa na nafasi ya vidole viwili. Ukuta wangu ulikuwa unaelekea nje, kama mlevi anayetafuta pa kuegemea.

"Bomoa," akasema. Kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya watu wote, mbele ya bibi, mbele ya watoto.

Walicheka. Mimi pia nilicheka, baada ya muda. Nikatoa matofali yangu moja moja, nikakwangua udongo, nikayapanga pembeni. Na wakati nakwangua nikamkumbuka binti mmoja wa Kimarekani.

Anaitwa Pippa Biddle. Mwaka 2014 aliandika makala iliyozunguka dunia. Alisimulia kwamba akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alikuja Tanzania, hapahapa kwetu, na wasichana wenzake wa shule. Safari iligharimu dola 3,000, wiki moja kwenye kituo cha watoto yatima, halafu wiki moja ya kutazama wanyama. Kituoni walikuwa wanajenga maktaba. Kutwa nzima wanachanganya saruji na kupanga matofali. Baadaye akagundua kitu: kila usiku, wao wakilala, wanaume wa pale walikuwa wanabomoa walichokijenga, kwa kuwa kilikuwa hakifai, na kukijenga upya, ili wasichana wakiamka wakute ukuta mzuri na wasijue. Biddle mwenyewe aliandika kwamba ingekuwa nafuu na busara zaidi wangeichukua ile fedha wakawaajiri mafundi wa hapohapo.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliwacheka Wazungu, kama wengi wenu mlivyocheka sasa hivi mkiwa na vikombe vyenu vya chai. Nikiwa na tofali langu lililopinda mkononi sikuona tena cha kuchekea. Nilianza kuwafikiria wale mafundi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na wageni. Mgeni wetu haambiwi kwamba ukuta wake umepinda. Anaambiwa ahsante, anapewa soda, anapigwa picha, na usiku kazi yake inabomolewa kwa taa ya chemli. Tunaita heshima. Lakini hebu ifikirie kutoka upande wa yule binti: ametoka ng'ambo ya bahari aje awe na faida, na kati ya watu wote wale hakuna hata mmoja aliyemhesabu kuwa mtu wa kuambiwa "bomoa". Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale walikaa wiki nzima na jembe hawakupewa. Walipewa mfano wa jembe, wa kuchezea. Na waliokosa usingizi ni mafundi, na nina hakika asubuhi walitabasamu.

Kijana wangu wa kofia ya sufu alinipa jembe siku ya kwanza, saa sita mchana.

Baada ya hapo alinionyesha, kwa tofali mbili tu, jinsi ya kuvuta kamba kutoka kona hadi kona na kuifuata. Kumbe kosa langu lilikuwa kufuata jicho. Kisha akanirudisha kwenye maji, nami nikaenda bila kinyongo.

Kuna mjadala ulitokea chakulani, na sitaki niuruke. Chakula kilikuwa kande, maharage na mahindi, moto unaounguza ulimi, na komoni kidogo kwa wanaotumia. Ulanzi haukuwepo, kiangazi mwanzi haugemwi. Mzee mmoja wa kamati akasema, kwa nia njema, kwamba fundi naye angejitolea, maana hii ni kazi ya Mungu, na ile posho yake ingenunua rangi. Fundi akaendelea kula. Alipomaliza akasema: "Mzee, ninyi mmejitolea Jumamosi. Jumatatu mwalimu anarudi kwenye mshahara wake. Mimi Jumatatu nikienda kujenga ndio mshahara wenyewe. Na kila anayejenga kwa sadaka tarafa hii nzima ananiita mimi. Nikijitolea kwa wote, mwisho mtanijengea na mimi nyumba kwa sadaka."

Hakuna aliyemjibu. Alilipwa, na nasema kwa sauti hii mnayoisikia kwamba kulipwa kwake kulikuwa halali kuliko kazi yangu ya bure. Mimi nilitoa siku ambayo ningelala. Kama siku yangu ya bure ingechukua nafasi ya siku yake ya malipo, ningekuwa nimempa bibi ukuta mbovu na nimemnyang'anya kijana unga. Kazi ya watu wa kujitolea ni ile inayotaka mikono mingi kwa siku moja: kusomba matofali kutoka tanuruni, kuinua kenchi, kumwaga zege. Kazi inayotaka mkono mmoja unaojua, ilipiwe.

Nchi hii inalijua neno kujitolea kwa sura zote mbili, tamu na chungu. Tulikwenda Jeshi la Kujenga Taifa tangu mwaka 1963. Tuliimba Uhuru na Kazi. Milimani Upare kulikuwa na msaragambo hata kabla ya serikali, na huku kwetu mtu alipika pombe, akawaita majirani walime shamba lake, na zamu ya mwenzake ikifika naye akaenda. Lakini waulizeni wazee kuhusu siku za kujitolea kwa lazima, ambapo aliyekosa kufika kwenye ujenzi alifuatwa nyumbani na mgambo, kuku akaondoka. Waulizeni kuhusu shule za kata, ule mpango ulioanza mwaka 2004, wananchi watoe mawe, mchanga, matofali na nguvu, serikali ilete bati. Shule zilisimama, na watoto wengi wa wakulima wameona kidato cha kwanza kwa sababu hiyo, siwezi kuubeza. Ila ukisafiri wilaya yoyote utayaona pia maboma. Boma kwa lugha ya halmashauri ni jengo ambalo wananchi walilipandisha hadi kwenye lenta, wakaambiwa subirini, nao wakasubiri, na mti ukaota katikati ya darasa. Kila tofali la boma lile lilibebwa na mtu aliyeacha shamba lake. Mwite tena huyo mtu leo, mwambie njoo tujitolee, uone atakavyokutazama.

Jirani zetu wanalo hilohilo kwa majina yao. Wakenya na harambee yao. Wanyarwanda na umuganda wao, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, maduka yanafungwa. Na nchi ya Zaire ya Mobutu ilikuwa na salongo, ambayo wazee wa Kongo hawaikumbuki kwa furaha.

Ni hukohuko Zaire, mji wa Mbandaka kando ya mto Kongo, ambako mwaka 1973 Mmarekani Millard Fuller na mkewe Linda walikwenda kujaribu njia ya kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini. Waliporudi kwao, mwaka 1976, wakaanzisha shirika la Habitat for Humanity. Watu wengi wanalijua kwa sababu ya Rais Jimmy Carter, aliyeanza kugonga misumari nao mwaka 1984, miaka mitatu baada ya kutoka Ikulu, na mwezi wa kumi wa mwaka 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani kwake, akashonwa juu ya jicho, na bado akafika Nashville kwenye ujenzi akiwa na jicho jeusi. Mnisikilize vizuri hapo: Carter alikuwa seremala. Alikuwa anatengeneza samani kwa mikono yake. Hakuna aliyehitaji kuamka usiku kurudia kazi yake. Na kanuni ya shirika lile ni kwamba mwenye nyumba naye atoe saa zake za jasho kwenye nyumba yake na za wenzake, na nyumba ailipie pole pole. Hilo la kulipia lina ubishi wake, sitaliingia leo. La jasho nililiona kwa bibi. Wakati sisi tunafika na mabango, yeye na wajukuu walikuwa wameshafyatua matofali ya mwanzo miezi miwili kabla, wakayafunika kwa nyasi yasipasuke, wakayageuza moja moja.

Lori liliingia saa tisa kasorobo. Tulishangilia kama limeleta mchele.

Hapo fundi akakusanya watu, tuliobaki labda kumi na wanane, akasema maneno ambayo kila mtoto wa Kitanzania aliyekulia karibu na ujenzi anayajua: zege halilali. Mtaani tunalisema kwa mambo mengi, la posa, la deni, la kesi. Pale lilikuwa na maana yake ya kwanza. Saruji ikishaguswa na maji, saa zimeanza kuhesabu. Huwezi kumwaga nusu ya chumba ukasema nitarudi kesho. Kesho pale zilipokutana zege mbili patakuwa na ufa, na ufa ndio njia ya siafu na unyevu. "Kama kuna anayeondoka saa kumi na mbili," akasema, "aondoke sasa hivi, nijue nina watu wangapi." Wawili waliondoka. Niliwaheshimu. Ni afadhali huyo kuliko anayeyeyuka katikati.

Kisha ikawa kazi. Zege linakorogwa chini, juu ya bati kuukuu: mchanga na saruji kwanza, zigeuzwe zikiwa kavu mpaka rangi iwe moja, halafu kokoto, halafu shimo katikati kama la volkano, maji yanaingia humo taratibu. Wenye machepe wanageuza kutoka pande zote mbili. Makarai yanapita mkono kwa mkono. Kulikuwa na wimbo wa Kihehe sikuuelewa wote. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba afadhali sikuuelewa. Mimi nilikuwa kwenye maji, halafu nikapandishwa cheo, nikawa kwenye mstari wa makarai. Karai la zege lina uzito wa aibu. Ukilipokea vibaya mara moja mgongo unalikumbuka mpaka Alhamisi.

Saa kumi na mbili jua likazama nyuma ya misindano, na huko juu giza la mwezi wa saba haliji peke yake, linakuja na baridi. Chumba cha tatu kilikuwa bado. Vijana wa bodaboda wakaleta pikipiki tano, wakazipanga mlangoni na madirishani, wakawasha taa. Fundi alikuwa amepiga magoti ndani, anavuta rula kusawazisha, anarudi nyuma kinyumenyume kuelekea mlangoni, kivuli chake kikubwa ukutani. Muda wake wa malipo ulikuwa umekwisha saa kumi na moja. Hakuna aliyemwambia, naye hakusema.

Tulimaliza saa mbili kasoro kidogo. Bibi alisimama mlangoni, hakukanyaga, akachungulia. Akauliza swali moja: "Lini nitaingiza kitanda?" Fundi akamwambia asubiri, na kuanzia kesho, siku saba, sakafu inyweshwe maji asubuhi, mchana na jioni, la sivyo itapasuka. Bibi akageuka akawatazama wajukuu. Mkubwa wao, mvulana wa darasa la sita, akatikisa kichwa kukubali. Sisi wote tuliokuwa pale tulikuwa tunaondoka. Madumu yalibaki.

Nililala Mafinga, nikaamka sijui kufunga kifungo cha shati. Jumatano nikapiga simu ya bibi kuuliza hali ya sakafu. Akapokea yule mvulana.

"Shikamoo, mjomba. Leo tumeshamwagilia mara mbili. Haijapasuka."

"Na jiko?"

"Fundi amemaliza ukuta jana. Bibi yupo huko anapika." Nikasikia sauti ya bibi kwa mbali, mvulana akanyamaza kumsikiliza, akarudi kwenye simu. "Mjomba, bibi anasema ulisahau glavu zako kwenye tofali. Anauliza kama utazifuata, maana anazitumia kuipulia sufuria."